Maneno Aliyoyaongeza Nehemiah

Kwao Ikumbuli, katika vilima vya magharibi ya Kenya, mtu alipofariki waliofiwa walitafuta vitu viwili kabla hata ya jeneza: hema, na Nehemiah Kisala. Hema la kuwakinga wageni na jua, Nehemiah wa kusoma historia ya marehemu. Alikuwa na sauti iliyowafikia hata wale waliosimama nyuma ya ua, tena alikuwa na sifa ambayo ni adimu kwa wasemaji wa hadharani: hakusema uongo. Marehemu akiwa mlevi, Nehemiah alisema alikuwa mlevi, kisha akatafuta jambo jema la kweli aliseme hilo pia. Watu walicheka kidogo, wakalia, wakamwamini.

Mimi nilimjua baadaye, Riyadh. Naitwa Japheth. Nilikuwa mlinzi wa jengo la ofisi mtaa wa Al-Murabba, naye alikuwa dereva wa mwenye jengo, mfanyabiashara wa mazulia. Tangu mwaka 2013 tulilala chumba kimoja juu ya stoo, na mpaka leo nikisikia harufu ya zulia jipya nasikia pia kukoroma kwake.

Asubuhi Nehemiah alisambaza mazulia kwa gari la kazi. Mchana aliwatoa watoto wa bosi shuleni. Jioni alimpeleka madam kwa dada zake, akamsubiri garini mpaka atoke. Hawakuwa watu wabaya. Ikama yake, kile kibali cha kuishi, alikaa nayo mwenyewe mfukoni, na kila Idi alipewa kanzu mpya. Lakini katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwita kwa jina. "Yalla, sawwag," walimwambia, twende, dereva. Hata mtoto wa miaka minne alimwita hivyohivyo.

Mahali pekee alipokuwa mtu ni kwenye simu. Kulikuwa na kikundi cha WhatsApp cha watu wa wadi yao walioko nje, sitini na mmoja kwa jumla, wengi wao wasichana wa kazi za nyumbani hapa Riyadh, Dammam na Jeddah, na walinzi wachache Katari. Walimchagua mwenyekiti. Msichana akifiwa, Nehemiah ndiye aliyeandika rambirambi. Wakigombana, yeye ndiye aliyewapatanisha. Alijibu ujumbe akiwa amekaa nyuma ya usukani nje ya majumba ya watu, na nadhani hizo ndizo zilikuwa saa zake nzuri.

Mwaka 2016 tulipata habari za Jael. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa mjane mmoja wa Ikumbuli aitwaye Mama Selipher. Alikuwa kwenye nyumba moja kaskazini mwa Riyadh, mwaka wa pili sasa, ikama hakutengenezewa, simu alinyang'anywa, mlango ulifungwa kwa nje. Aliazima simu ya jirani kupitia dirisha la jikoni akampigia mama yake kwa dakika mbili. Alisema miguu imevimba na hajui leo ni tarehe ngapi.

Jambo la kwanza Nehemiah alilofanya ni kumpigia mwakilishi wa wadi yao katika bunge la kaunti, Mheshimiwa Zacharia. Nilikuwepo chumbani, simu ilikuwa wazi, nilisikia kila neno.

"Chairman," Zacharia alisema, "huyo msichana alienda kwa hiari yake. Wadi yangu haifiki Saudi."

"Mheshimiwa, barua moja tu ya ofisi yako kwa ajenti wa Nairobi aliyempeleka."

"Tutaangalia," akasema, na simu ikakatika. Hakuangalia.

Aliyeangalia ni Sista Magdaline, muuguzi wa zahanati ya Ikumbuli. Huyu ndiye aliyewazalisha nusu ya akina mama wa wadi ile. Mama Selipher alimwendea akilia. Magdaline akaomba ruhusa kazini, akapanda basi hadi Nairobi, akakaa kwenye benchi ya ofisi ya ajenti mpaka wakafunga. Wakamwambia aje wiki ijayo. Akaja. Wakamwambia meneja yuko safarini. Mara ya tatu alikuja na sare yake nyeupe na chakula kwenye mkebe, akawaambia wafagie kumzunguka, maana hatoki. Siku hiyohiyo ajenti akawapigia wenzake wa Riyadh. Ofisi ya hao wenzake ilikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu, na Nehemiah ndiye aliyeenda kukaa pale, Magdaline akiwa kwenye simu sikioni mwake, akimwambia la kusema. Baada ya siku tisa Jael alitolewa ile nyumba, akaletwa pale ofisini, kisha akahamishiwa kwa kafili mwingine, yaani mwajiri anayemdhamini, Jeddah, bibi mzee aliyekuwa mwalimu zamani, mtaa wa Ruwais karibu na bahari.

Usiku wa siku ile Nehemiah hakulala kwa furaha. Alinisimulia mara mbili jinsi Jael alivyomshika mkono kwenye ngazi za ile ofisi na kukataa kuuachia.

Basi mwaka 2017 ukaingia, mwaka wa uchaguzi, na Sista Magdaline akatangaza kwamba anataka tikiti ya chama agombee kiti cha wadi.

Lazima nieleze jinsi mambo yalivyo kwao. Kuna chama, na hakuna haja ya kukitaja jina, maana Ikumbuli ukisema "chama" hata mtoto anajua kipi. Vyama vingine vipo kwenye karatasi tu. Mwenye tikiti ya chama amekwisha kuwa mbunge wa kaunti. Uchaguzi wa Agosti ni wa kwenda kuchukua cheti. Kwa hiyo vita vyote huwa Aprili, kwenye kura ya mchujo, ndugu kwa ndugu. Na anayekipinga chama hupingwa kila mahali: kwenye foleni ya mbolea, kwenye kamati ya shule, hata kanisani. Baba yake Nehemiah alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama kwa miaka kumi na minane. Fimbo yake ya kutembelea ilichorwa rangi za chama.

Mwezi wa Machi Zacharia alipiga simu. Mara hii sauti ilikuwa ya asali.

"Chairman wetu wa ughaibuni. Wewe ukisema neno, wadi nzima inanyamaza. Nataka video ndogo, dakika mbili. Useme tu vile ofisi yangu ilimsaidia yule mtoto wa Mama Selipher."

Nehemiah alikaa wima. Kisha akasema polepole, "Mheshimiwa, ofisi yako haikufanya kitu."

"Nilipiga simu mahali. Mambo mengine hufanywa kimyakimya. Utajuaje nilimpigia nani?" Akacheka kidogo. "Halafu kuna jambo kaunti inapanga. Mratibu wa watu wa nje. Ofisi, meza, jina lako mlangoni. Mtu wa hiyo kazi ni nani kama si wewe? Na fikiria mzee wako pia. Tawi lote linamuuliza mbona kijana wake ameingia baridi."

Alipokata simu Nehemiah aliketi kitandani akiitazama sakafu. Nilimwuliza, "Si ni yule sista aliyefanya ile kazi yote?"

"Siasa ni siasa, Japheth. Sista ana kazi yake. Hatapungukiwa na kitu."

 Ijumaa, tukiwa mapumzikoni, aliazima koti langu la zamani, akachana nywele, tukapanda juu ya paa la jengo mahali panapoonyesha mnara wa maji wa mji nyuma yake. Nilishika simu. Alirudia mara nne. Mara tatu za kwanza alisema kama alivyoagizwa, na maneno yalitoka makavu kama mtu anayesoma risiti. Hakuridhika. Ile sauti yake ya matangani haikutaka kuja.

Mara ya nne ikaja. Alimsifu Zacharia, akamtaja Jael kwa jina, alivyolala kwenye chumba cha kufulia na alivyovimba miguu, akaeleza jinsi "mheshimiwa wetu alivyonyoosha mkono mpaka Riyadh", na alipofika mwisho, badala ya kuaga, akainua kidole akasema: "Na wale wanaoshinda kwenye ofisi za maajenti Nairobi wakijifanya wanawasaidia watoto wetu, waulizeni wanatafuta nini huko. Waulizeni wasichana wetu hufikaje huku."

Nilizima. 

"Hiyo ya mwisho umeitoa wapi?" nilimwuliza.

"Imekuja tu," alisema. Na uso wake, Mungu anisamehe kwa kulisema, ulikuwa uso wa mtu aliyeimba vizuri.

Hakuna aliyekuwa amemwomba maneno yale. Hata Zacharia hakuyaomba. Baadaye ndilo jambo alilokuwa akilirudia Nehemiah kuliko yote. Mengine yote angeweza kumtupia Zacharia, au baba yake, au ile meza yenye jina lake. Lile la mwisho lilitoka kwake peke yake, kwa sababu lilikuwa na mdundo mzuri na kwa sababu kwa miaka minne hakuna aliyekuwa ameisikiliza ile sauti yake ya matangani.

Video ilizunguka wadi nzima kwa siku mbili. Waliifunga kwenye vipaza sauti vya gari la kampeni, wakaicheza sokoni, nje ya kanisa, kwenye uwanja wa shule. Kilichoshikwa na watu si sifa za Zacharia. Walishika yale maneno ya mwisho. Kufikia Jumapili, sista aliyekaa kwenye benchi ya ajenti kumtoa msichana alikuwa amegeuka sista anayewapeleka wasichana kwa ajenti. Akipita sokoni vijana walimwita "Ajenti". Mama Selipher alisimama kwenye mkutano mmoja kutaka kusema ukweli. Wakazima kipaza sauti, wakamwambia mama, keti, umechoka.

Kura ya mchujo ilipigwa mwishoni mwa Aprili. Zacharia elfu moja mia tisa na nne, Magdaline elfu moja mia moja sitini na sita. Kwenye kikundi cha WhatsApp watu walimiminia Nehemiah pongezi, wakimwita mheshimiwa. Katikati ya pongezi hizo ukatokea mstari mmoja mdogo wa kijivu: Jael ametoka.

Kesho yake Keziah, mke wa Nehemiah, aliyemzaa Emmah baada ya likizo ya mumewe ya mwaka 2015, alipiga simu. Hakupandisha sauti. Keziah hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Baba Emmah, leo nilimpeleka mtoto kliniki. Siku ya chanjo. Unajua vile siku ya chanjo huwa, benchi hujaa mpaka nje."

"Ndiyo."

"Leo tulikuwa watatu. Wengine wameenda zahanati ya ng'ambo ya mto, wanasema hawawezi kumpa mtoto wao yule ajenti amshike. Sista alimpima Emmah, akaandika kadi, akaniuliza kama wewe uko salama huko na joto limeanza." Keziah akamhamishia mtoto bega la pili. "Aliniuliza hivyo tu. Mimi sikujua nitazame wapi. Huyo ndiye alinishika mkono nikimzaa huyu mtoto, kwa saa kumi na nane. Wewe ulisema nini, Baba Emmah? Ulisema nini, na kwa nini?"

Nehemiah alisema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Kuanzia siku ile alibadilika. Hakukonda wala hakulia, aliendelea kula na kufanya kazi. Lakini alianza kufunga simu akiingia chumbani, na nikimwita ghafla alishtuka kama mtu aliyekamatwa. Alimpigia Zacharia mara kadhaa kuuliza habari za ile kazi ya mratibu. Simu iliita bila kupokelewa. Siku moja alipokea msaidizi wake akasema mheshimiwa yuko mkutanoni, na wewe ni nani? Nehemiah akajibu, "Hakuna neno," akakata.

Mwezi wa Juni, kumi la mwisho la Ramadhani, bosi aliihamishia familia Jeddah ili wawe karibu na Makka. Nehemiah aliwaendesha kutoka Riyadh mpaka huko, karibu kilomita elfu moja za jangwa. Siku tatu alikaa Jeddah akijua Jael yuko mtaa gani. Siku ya nne alimwandikia: Niko hapa. Naomba nikusalimie. Jael hakujibu mpaka saa sita zilipopita, kisha akatuma mahali na saa, bila neno jingine.

Haya nayasimulia kama alivyonisimulia yeye. Alimkuta baada ya sala ya alasiri, kwenye barabara ya miguu kando ya bahari, anasukuma kiti cha magurudumu chenye bibi mzee aliyejifunika shuka jepesi. Walikuwa wamezoea kutoka saa hiyo kusubiri futari. Jael alikuwa amenenepa kidogo, afya imerudi. Alimwambia bibi kwa Kiarabu kwamba huyu ni mtu wa kwao, bibi akaitikia kwa kichwa na kufumba macho.

"Shikamoo, Baba Emmah," alisema Jael. Na kwao watu hawasalimiani hivyo sana, ni salamu ya kumweka mtu mbali.

"Jael, umepona. Namshukuru Mungu."

"Namshukuru pia. Na Sista Magdaline namshukuru."

Nehemiah alianza kueleza. Alitaja shinikizo, akamtaja mzee wake, akasema hakujua maneno yangefika mbali vile. Jael alimwacha mpaka akaishiwa.

"Ulikuwa umekaa kwenye ile ofisi," akasema. "Mimi nikiwa nyuma ya mlango nilikusikia ukimwambia, 'Sista, wanasema hivi, nijibu nini?' Nilikusikia. Kwa hivyo usiniambie ulichanganyikiwa."

"Sikuchanganyikiwa."

"Haya." Akasogeza kiti cha bibi kisiguswe na jua. "Unajua nini kiliniuma? Mwaka na zaidi nilikuwa kwa watu wasiotaka kujua jina langu. Halafu jina langu likatajwa kwa gari la kampeni, kijiji kizima wakijua nilivyolala kwenye chumba cha kufulia na nilivyovimba. Mama yangu hakuwa amewaambia hayo. Hukuniuliza. Ulinichukua tu kama kitu cha kuonyesha, ukaonyesha."

Nehemiah hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja. Miezi yote ile aibu yake ilikuwa kwa Magdaline, na sasa aligundua kulikuwa na deni la pili alilokuwa hata hajaliona.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Sema ukweli. Kwa mdomo uleule, watu walewale."

"Mchujo umeshapita, Jael."

"Agosti haijapita. Sista ameandikishwa mgombea huru. Hana chama, hana gari, anatembea kwa miguu nyumba kwa nyumba. Kila nyumba anaulizwa kuhusu video yako kabla hajaketi."

Aliahidi. Alimwambia, "Nipe siku chache." Jael akamwangalia, akasema, "Siku ni zako," akageuza kiti, akaondoka taratibu na bibi yake.

Sasa nafika mahali ambapo Nehemiah mwenyewe, akinisimulia, alikuwa akigeuka kuutazama ukuta. Idi ilipita. Wakarudi Riyadh. Julai ikaanza. Kila Ijumaa alisema leo nitarekodi, na kila Ijumaa alipata sababu. Mara upepo wa vumbi. Mara mzee wake amelazwa na presha, asingetaka kumwongezea. Mara alisema angemwandikia kwanza Magdaline barua ya kuomba radhi, halafu arekodi. Aliandika mistari miwili, akaikunja. Ukweli ni kwamba alimwogopa baba yake, na aliiogopa ile siku ambayo kikundi kizima kingejua kwamba mwenyekiti wao anaweza kusema uongo. Nami sikumsukuma. Nilikuwa nimeshika simu mara ya kwanza, ningemwambia nini?

Wiki sita zilipita hivyo. Alirekodi tarehe nne Agosti, siku nne kabla ya kura. Aliegemeza simu kwenye dirisha la gari yeye mwenyewe, akiwa kwenye maegesho ya duka moja, hakuniita. Hakuvaa koti. Alisema Zacharia hakufanya lolote, alisema aliyemtoa Jael ni Sista Magdaline, alieleza safari tatu za Nairobi na mkebe wa chakula. Alisema, "Yale maneno ya maajenti niliyasema mimi, hakuna aliyeniambia, na yalikuwa uongo." Sauti yake ya matangani haikuwepo. Alikuwa akimeza mate, akisahau, akirudi nyuma. Niliitazama baadaye. Ilikuwa ya kweli tupu, na ilionekana kama uongo kuliko ile ya kwanza.

Hivyo ndivyo walivyoipokea. Watu wa Zacharia walisema amenunuliwa. Wengine walisema tazama anavyotetemeka, kuna mtu amesimama nyuma ya kamera. Na sokoni, mbele ya watu, mzee wake aliinua ile fimbo akasema mwanawe ameharibiwa kichwa na joto la Saudi, wamwombee. Keziah alimtumia sauti ya hotuba hiyo, kwa sababu alijua angeisikia kwa wengine hata hivyo. Nehemiah aliisikiliza mara moja akiwa amesimama katikati ya chumba chetu, viatu mkononi.

Kura zikapigwa. Sisi wa huku hatukuwa na kituo, tulikaa tukitazama simu. Zacharia wa chama alipata elfu tatu mia nne na kumi na mbili. Magdaline, bila chama, alipata elfu mbili mia tisa themanini na saba. Ikumbuli hakuna mgombea huru aliyewahi kufika hata elfu moja. Mia nne na ishirini na tano ndizo zilizomkosesha.

Nehemiah aliipiga hiyo hesabu ya kutoa kwenye karatasi ya risiti ya mazulia, akaipiga tena, kisha akaniuliza, "Wiki sita, Japheth. Unadhani ningesema Juni?"

"Hakuna ajuaye," nilimwambia.

"Mimi najua," alisema.

Kikundi kilimwondoa uenyekiti kwa kura ya vidole gumba. Hakujitetea. Alibaki mwanachama asiyeandika kitu. Jael hakurudi kikundini, ila siku moja alimtumia ujumbe mfupi: Nimeiona. Mama ameiona pia. Hakuna aliyejua kama huo ulikuwa msamaha, na Nehemiah hakuthubutu kuuliza.

Baba yake hakuzungumza naye kwa mwaka mzima. Zacharia aliapishwa. Meza yenye jina mlangoni haikuundwa kamwe, kwa Nehemiah wala kwa mwingine.

Mwezi wa Oktoba tulikuwa tunakula chakula cha mchana, Ijumaa, simu ya Nehemiah ikaita. Namba ilikuwa ya Kenya. Alipoona jina, akaweka kijiko chini. Ilikuwa mara ya kwanza Sista Magdaline kumpigia tangu siku zile za ofisi ya ajenti.

"Nehemiah, habari za huko."

"Nzuri, Sista. Sista, mimi nilitaka—"

"Nina dakika chache kwa simu, nisikilize. Kuna msichana anaitwa Mitchelle, wa upande wa kanisani. Alitoroka kwa kafili wake, amejiandikisha kwenye ule msamaha wa wasio na vibali, yuko kituo cha uhamiaji Riyadh anangoja ndege. Hana nguo isipokuwa aliyovaa, na hana viatu. Unaweza kumpelekea?"

"Naweza."

"Andika namba ya kituo."

Aliandika kwenye kiganja, karatasi haikuwa karibu. Alipomaliza alisema tena, haraka, kama mtu anayekimbilia mlango, "Sista, ile video ya kwanza. Yale maneno niliyaongeza mwenyewe. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu."

 Kwa mbali tulisikia mtoto akilia, nadhani alikuwa zahanati.

"Nilisikia ulivyosema Agosti," Magdaline alijibu. "Nehemiah, sina nafasi ya hayo leo. Huyu mtoto ana ndege kesho kutwa." Akakata.

Tulienda soko la Batha pamoja, Nehemiah na mimi. Alinunua magauni mawili, sweta, na mkoba mdogo. Kwa viatu akakwama, maana hakuuliza namba ya mguu na hakutaka kumpigia tena. Muuzaji, Mbangladeshi, alimwonyesha namba thelathini na nane. Nehemiah akachukua thelathini na nane, akasimama, akachukua pia thelathini na tisa, na arobaini.

Kituoni askari alimwuliza kwa Kiarabu yeye ni nani wa huyo msichana. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

"Jirani," akasema.

Mfuko ukapita mlangoni. Hatukumwona Mitchelle. Tulirudi Al-Murabba kwa miguu, Nehemiah mikono mitupu akiitazama njia, na sala ya magharibi ikaadhiniwa tukiwa bado barabarani.